Maji ya Moto kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 15 Juni 1970

Baridi ya kukata masikio. Nimenawa uso kwa vidole viwili, basi. Hivyo ndivyo ninavyooga tangu Émérence, mke wangu, aende kwao Kamatanda. Leo ni siku ya ishirini na tisa.

Naandika nyuma ya daftari kuukuu la magazini, ghala la vifaa kazini kwetu. Mbele kuna viwiko vya bomba vilivyotolewa mwaka 1958. Nyuma kutakuwa na aibu yangu. Sijui kama karatasi zitatosha.

Aliondoka kwa sababu ya boila. Nyumba hii ya Kampuni, mwajiri wangu, ilikuwa ya injinia mmoja Mbelgiji, na nyuma ya jiko aliacha boila ya kuni: tanuru la matofali chini, tangi la chuma juu, mabomba mawili. Moja linaleta maji baridi kwenye tangi, jingine linapeleka ya moto bafuni. Ilikuwa ikifanya kazi vizuri kabisa. Ndiyo maana kabla ya Pasaka niliifungua, niisafishe. Nikaifunga tena bila kubakiza hata skrubu moja. (Zilibaki mbili. Ndogo.) Tangu siku ile moto unawaka, tangi linagonga kama mtu aliyefungiwa ndani, na bafuni yanatoka maji baridi. Mekundu!

Nilimwambia Émérence wekundu umekwisha. Na kweli ulikwisha, kwa ndoo moja. Akafua kanzu kumi nyeupe za kwaya. Siku ya Pentekoste kwaya nzima ikaimba imevaa rangi ya kutu. Padri alisema angalau rangi inafaa sikukuu, maana Pentekoste huvaliwa nyekundu. Kanisa likacheka. Émérence hakucheka. Mchana alikuwa ameshapanda lori.

Leo kaja Mjomba Mathieu, mjomba wa Émérence na msemaji wa ukoo wao. Kanywa munkoyo wangu wote, kile kinywaji cha mahindi, kafuta mdomo, ndipo akatoa habari. Mama Mkwe anakuja Alhamisi pamoja na Émérence, kukagua. Akiridhika, mke wangu anabaki. Asiporidhika, atabeba sufuria za binti yake, zote. Na kwao mama akishabeba sufuria, ndoa imekwisha. Hakuna cha kikao tena.

Nikamwuliza, ataridhishwa na nini? Mjomba akanitazama kwa huruma. Akasema: na ile ahadi yako.

Ahadi yangu! Nilikuwa nimejitahidi kuisahau. Juma lililopita, kwenye kikao kule Kamatanda, waliponiuliza nina faida gani duniani, nilisimama nikasema kwamba nyumbani kwangu maji ya moto yanatoka ukutani, na kwamba magoti ya Mama Mkwe, yanayomtesa kila majira ya baridi, yatapona humo. Nilisema nikiutazama mlango, maana mbele ya mama mkwe mtu hainui macho. Humwangalii, huli naye, humsemeshi. Miaka kumi na moja ya ndoa, hajawahi kunielekezea neno hata moja. Jina lake siliandiki hata humu.

Siku tatu. Mawe, ole wangu!

Jumanne, 16 Juni

Nimekipata kitabu cha boila! Kilikuwa juu ya kabati la Mbelgiji, Kifaransa kitupu. Nimesoma kwa bidii hadi ukurasa wa kumi na moja. Kuanzia wa kumi na mbili mchwa wamekula. Maneno ya mwisho yaliyobaki: "Mwenye nyumba asithubutu kamwe, kwa sababu yoyote ile..."

Asithubutu nini? Wanajua mchwa.

Niliyoyapata katika kurasa kumi na moja: boila ni chombo kizuri.

Kazini. Mimi ni karani wa magazini ya mabomba kule Shituru, mwaka wa kumi na nne sasa. Kila kifaa nakijua kwa jina na namba. Kiwiko cha robo tatu: 4417. Niamshe usingizini nitakwambia. Kukifunga ni habari nyingine, sikuajiriwa kufunga.

Georges akaja dirishani. Huyu ni fundi wa mabomba, na kwenye kwaya anaimba besi, mstari mmoja nyuma ya mke wangu. Hajui jina la kifaa hata kimoja. Anasema nipe kale kadude ka kuzungusha. Mimi simpi mpaka ataje jina na namba, sheria ni sheria. Juma lililopita nilimrudisha mara tatu kwa ajili ya kadude hako. Leo nilizikumbuka mara zote tatu, moja moja.

Nikatumia akili. Nikamwambia nina rafiki huko Panda, mtu wa heshima, hapendi kutajwa. Boila yake inawaka lakini maji ni baridi na mekundu. Georges akakuna kidevu. Akauliza kama rafiki huyo aliifungua mwenyewe. Nikasema huenda. Akauliza kama rafiki huyo ana mke. Nikasema yuko safarini. Akauliza: safari ya Kamatanda?

Foleni nzima ya mafundi ikaangua kicheko. Nikafunga dirisha dakika kumi kabla ya wakati. Nikiwa nyuma ya ubao nimeshika uso, nilimsikia Georges akisema kwa sauti kwamba ni kazi ya robo saa, atapita siku yoyote, bure, aambiwe tu.

Nimwombe Georges? Akamwambie Émérence mazoezini? Heri nioge kutu.

Jumatano, 17 Juni

Malimao. Wazo limenijia alfajiri nikiwa chini ya blanketi. Limao linang'arisha sufuria, na tangi ni nini kama si sufuria kubwa? Nimeomba ruhusa kazini, nimesema tumbo. Nimenunua malimao sokoni mpaka mama muuzaji akauliza kama kuna msiba. Nimekamua mpaka vidole vimechubuka. Nimemimina ndani ya tangi, nimewasha moto, nimengoja.

Bafuni yakatoka maji baridi, mekundu, yenye ladha ya limao. Nimeonja mwenyewe. Si mabaya.

Jambo moja la ajabu. Ubavuni mwa tangi kuna kibomba kidogo cha shaba, na kila moto ukiwaka kinadondosha. To! To! To! Hasara tupu, nikaona. Nikakiziba kwa kidole gumba. Yesu Maria! Kidole kimeiva. Kumbe maji ya moto yamo ndani ya tangi! Yamo tele! Ila hayataki kuja kwangu.

Nimekaa chini kando ya tanuru, kidole mdomoni, nikaona kweli boila hii inanifanyia kusudi, sawa na Georges.

Malimao yamebaki mengi. Nimeyaficha chini ya kitanda.

Alhamisi, 18 Juni

Wamefika. Mama Mkwe kaingia kwa mlango wa mbele nami nikatoka kwa mlango wa nyuma, kama inavyopasa. Nimeona miguu yake tu, na fimbo, na gunia chini ya kwapa. Gunia tupu! La kilo hamsini! Nimelipima kwa macho. Sufuria zetu zote zinaingia, na kikaango juu.

Émérence kaja kunisalimu uani. Kapungua kidogo, kapendeza zaidi. Nilitaka kumwambia kwamba nimelala siku thelathini na mbili upande mmoja tu wa kitanda. Nikamwambia karibu. Akauliza kama maji ya moto ni ya kweli, maana mama yake amepigwa na upepo wa lori safari nzima, magoti yamevimba, asubuhi hawezi kusimama bila kushikwa. Ilikuwa nafasi ya kusema ukweli. Niliiona kabisa, ikapita mbele yangu polepole.

Nikasema yanachemka.

Mama Mkwe hasemi nami, lakini anasema na vitu. Nikiwa uani nimemsikia akimwuliza kuku wetu, kwa sauti ya kunifikia, kama katika nyumba hii watu huwa wanafagia. Baadaye akauliza kiti kama mwenye nyumba naye anaumwa magoti, mbona haonekani. Kiti hakikujibu, nami nikanyamaza.

Mjomba Mathieu kapanga: leo na kesho mgonjwa apumzike, ataoga Jumamosi asubuhi. Akaniambia, kwa msisitizo, kwamba siku mama mkwe anapooga, mkwe anakuwa mbali. Si uani, si barabarani. Mbali. Asimwone, asimsikie hata maji yakimwagika. Nikasema Mjomba, nitakuwa Shituru, Jumamosi nina zamu. Akanishika bega, akasema leo umesema neno la mtu mzima.

Sina zamu Jumamosi.

Ijumaa, 19 Juni

Ninayo! Ninayo!

Boila haitaki kuleta maji ya moto? Nitayaleta mimi. Bomba la bafuni linapita ukuta wa nje, chini ya kidirisha cha hewa. Nimelikata kutoka kwenye boila. Nimelifunga mpira wa maji, mpira nimeupandisha juu, juu nimetia faneli kubwa. Ngazi pale. Pipa la maji juu ya mafiga nyuma ya jiko, kuni chini, moshi nani atashuku? Huko ndiko boila iliko. Mama Mkwe anafungua bomba, maji ya faneli yanashuka, mimi namimina. Kwake maji yanatoka ukutani, kama nilivyoahidi. Sikuahidi yanaingiaje.

Faneli nimeichukua magazini kihalali. Nimejiandikia hati, nikaisaini, nikaikagua, nikajikabidhi.

Émérence alipomshika mama yake wakaenda kuota jua kwa jirani, nimejaribu. Namimina, nakimbia ndani kutazama, nakimbia nje kumimina. Mara saba. Yanatoka! Ya moto! Safi kama machozi!

Kasoro moja: nitakuwa nimesimama chini ya kidirisha cha bafu wakati Mama Mkwe anaoga ndani. Hakuna mwanamume wa ukoo wetu aliyewahi kufanya jambo kama hili. Baba yangu alikuwa akivuka barabara akiona kivuli cha mama mkwe wake.

Lakini nitaziba masikio kwa pamba. Na macho nitafumba, isipokuwa wakati wa kumimina. Asiyesikia wala kuona yuko mbali, ukifikiri vizuri.

Jumamosi, 20 Juni

Sijui nianzie wapi.

Saa moja asubuhi niliaga kwa kelele, nikapanda baiskeli nikipiga kengele hadi kwenye kona, watu wote wajue Floribert anakwenda kazini. Nikazunguka, nikatupa baiskeli vichakani, nikaruka ua nyuma ya jiko. Pipa lilikuwa linatokota. Nikatia pamba masikioni, nikapanda ngazi na debe la kwanza.

Faneli ikashuka. Nikamimina. Ikashuka. Nikamimina. Mvuke ukaanza kutoka kwenye kidirisha. Nilijiona mtu mkubwa! Debe la pili, la tatu. Bafu la Wabelgiji halijai, sijui walikuwa wanaoga na farasi.

Debe la nne nikainama mno, pamba ya sikio la kulia ikadondokea kwenye faneli. Nikaitafuta kwa vidole ndani ya maji ya kuchemka, kimya, nikiuma ulimi. Nikaipata. Haikufaa tena kwa sikio.

Basi nikasikia. Mungu anisamehe, nikasikia.

Émérence alikuwa ndani akimsugua mama yake mgongo. Mama Mkwe alikuwa akisema magoti yanalegea, kama vile mtu ameyafungua kamba. Akasema tangu kufiwa na mumewe hakuna aliyemchemshia maji. Marehemu alikuwa akimwekea ndoo moja mlangoni kila asubuhi ya baridi, bila kusema kitu. Émérence akaendelea kusugua. Mama akasema: binti yangu, nilikuja kubeba sufuria. Gunia umeliona. Mwongo ni mwongo, na huyu mwanamume nilimjua siku ya kwanza. Lakini mtu anayeyajali magoti ya mkwewe hajapotea kabisa.

Ndipo Émérence akasema kwamba mimi ni mpumbavu, lakini kule kwao usiku kitanda kilikuwa kikubwa mno.

Nikalia. Nasema kweli, nililia juu ya ngazi, debe mkononi, machozi yanaingia kwenye faneli. Nilikuwa nimeokoka! Ilibaki nishuke, niondoke, nirudi saa tisa na kengele ya baiskeli. Hakuna zaidi.

Mama Mkwe akashusha pumzi ndefu. Akasema kwa sauti tamu ambayo sijawahi kuisikia, akisema na ukuta, na mbingu, na mtu aliye mbali Shituru: "Aksanti, mukwe wangu, fasi yote weye iko."

Miaka kumi na moja! Neno lake la kwanza kwangu, popote nilipo! Nilifunzwa adabu tangu utoto, mkubwa akikushukuru unaitika. Nikavua kofia.

Nikasema: "Aksanti, mama."

Faneli ikaacha kushuka. Nilisikia tone moja likianguka bafuni, moja tu.

Halafu yowe. Halafu mayowe mawili. Kidirisha kikafunguka, uso wa Émérence ukawa sawasawa na wangu, umbali wa kiganja. Akaitazama faneli. Akalitazama debe. Akaitazama pamba iliyobaki kwenye sikio la kushoto. Ngazi ikateleza yenyewe, kwa wema, nikatoweka machoni pake.

Naandika haya kwenye banda la kuku. Hapa nitalala.

Jumapili, 21 Juni

Sikwenda misa. Ningeingiaje?

Kikao baada ya misa, uani. Mimi nimekalishwa juu ya ndoo, uso ukutani. Nyuma yangu Mjomba Mathieu na Émérence. Mama Mkwe chumbani, mlango wazi kidogo, na nje ya mlango gunia. Nililiona nilipokuwa nikipita. Lilikuwa limekunjuliwa.

Mjomba alisema amekuwa msemaji wa ukoo miaka ishirini. Amesuluhisha wizi, ulevi, na mtu aliyempiga shemeji yake kwa samaki. Hili halina mfano. Aliuliza kama nilimwona. Nikasema sikumwona, naapa, kidirisha kilijaa mvuke. Akauliza kama nilisikia. Nikasema sikio moja tu. Akaomba maji ya kunywa.

Kisha sauti ikatoka chumbani, ikiielekea meza. Iliuliza kwa nini. Mtu mwenye boila apande ngazi kwa nini.

Hapo nilichoka. Niliutazama ukuta, nikaona lipu imepasuka, nikasema yote. Kwamba niliivunja boila mwenyewe kabla ya Pasaka. Kwamba sijui kufunga hata kiwiko kimoja, najua namba zake tu. Kwamba Georges angeitengeneza bure na sikumwomba kwa kiburi. Kwamba chini ya kitanda kuna malimao. Kwamba naona aibu, aibu ya kuingia ardhini, na wakibeba sufuria watakuwa na haki, ila waniachie ile ndogo yenye mpini mbovu, maana Émérence alikuja nayo siku ya harusi.

Nikasikia mtu anapenga kamasi. Nadhani ni Mjomba.

Uamuzi: kuku mweupe na kitenge kipya, kwa kosa la kumsikia mama mkwe akioga. Vitolewe leo hii. Nimetoa. Kuhusu sufuria, Mama Mkwe atasema kesho, baada ya kuoga maji yanayotoka ukutani kweli. Émérence mwenyewe atakwenda kumwita Georges.

Aende mwenyewe! Kwa miguu! Kumwita Georges!

Jumatatu, 22 Juni

Kaja. Na mluzi mdomoni, mfuko begani. Akanisalimu kwa heshima, ndilo lililoniumiza zaidi.

Akalitazama tangi. Hakufungua hata kitabu. Akagusa bomba la juu, akagusa la chini, akaniuliza kama ni mimi niliyeyafunga. Akaeleza mbele ya mke wangu, polepole, kama katekista: maji ya moto yanapanda, yanakaa juu ya tangi. Kutu inashuka, inakaa chini. Bomba la bafuni lichote juu, bomba la maji baridi liingie chini. Mimi nilikuwa nimeyabadilisha. Miezi mitatu nilikuwa nikichota baridi na kutu, na moto wote umekaa juu, hauna pa kwenda.

Robo saa. Akaondoa mpira na faneli yangu, akayabadilisha mabomba, akatoa kutu, ndoo nne, akauliza kwa nini inanukia limao. Akawasha moto. Akaniomba zile skrubu mbili. Nilikuwa nazo mfukoni, nimezibeba tangu Pasaka. Sijui aliotea vipi.

Kabla ya kuondoka akanionyesha kile kibomba cha shaba ubavuni. Akasema hiki kitadondosha kila moto ukiwaka. Kiache. Maji yakipata moto yanavimba, yanatafuta pa kutokea, hapa ndipo pao. Kikiacha kudondosha ndipo uogope. Akanifanya nirudie. Nikarudia: kidondoshe. Émérence akarudia naye, akinitazama mimi.

Wakati Mama Mkwe anaoga nilikuwa Shituru. Kweli! Nimekaa kando ya reli saa mbili nzima, Mjomba Mathieu kando yangu, ameshika usukani wa baiskeli yangu asiuachie.

Tuliporudi uamuzi ulikuwa tayari. Émérence anabaki. Sharti moja. Mimi, Floribert, nisitie mkono kwenye boila ile, wala bomba lake, wala chochote kilichofungwa juu yake, maisha yangu yote. Siku nitakapotia mkono, Émérence anaondoka, sufuria zinaondoka, na Mjomba hatakuja tena kusuluhisha. Nimeapa mkononi mwa Mjomba, mbele ya msalaba wa ukutani. Nimeapa nikilia.

Émérence kanipakulia bukari, ugali wetu, mwenyewe. Nimekula sahani mbili.

Jumatano, 24 Juni

Mama Mkwe kaondoka leo, anatembea bila kushikwa. Gunia limeondoka limejaa. Malimao.

Pale kwenye lori akaugeukia mti wa jakaranda, akauambia ubaki salama na uache ujinga. Safari hii sikuitika. Nimekuwa mtu mpya.

Jumamosi, 27 Juni

Siku njema. Nimeoga maji ya moto asubuhi, nikaimba. Émérence kaenda mazoezi ya kwaya tangu saa nane. Kaacha tanuru lina kuni za kutosha, maana akirudi anataka kuoga. Nyumba imetulia. Nimeshukuru Mungu kwa kila kitu, nikakaa nje juani.

To! To! To!

Kibomba kile. Nimejaribu kutosikia. Nimesogeza kiti mbali. Nimeweka sufuria chini, ikawa mbaya zaidi, sasa kinapiga ngoma. Nimehesabu: matone arobaini kwa dakika! Maji ya moto ya mke wangu, aliyerudi kwa ajili yake, yanamwagika kwenye majani! Na mtu nimekaa tu natazama?

Nakumbuka kiapo, sijasahau. Nimeapa kutotia mkono. Mkono. Nimechonga kizibo kizuri cha mti mgumu, nimekishika kwa koleo tangu mwanzo hadi mwisho, na nyundo nayo ina mpini. Mkono wangu haukugusa kitu. Hata Mjomba Mathieu angekubali.

Georges alisema kiachwe, najua. Lakini Georges hajui hata kinaitwaje. Mimi namba yake ninayo: 6032.

Nimekipata tena kile kitabu, na leo nimeelewa. Mwenye nyumba asithubutu kamwe, kwa sababu yoyote ile, kuacha maji yapotee ovyo. Ndivyo kilivyoendelea, nina hakika. Kitu gani kingine wangeandika?

Kizibo kimeingia sawasawa. Kimya. Hata tone. Nimeongeza kuni, Émérence akute maji ya moto zaidi kuliko ya Georges. Tangi linanguruma kidogo, linazoea. Atafika saa kumi. Sitamwambia kitu, nitamwacha aone mwenyewe.